Mkwaju wa Yadi Thelathini na Moja

Habari za kifo cha Leon zilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama jikoni kwangu Greenbelt, hapa Marekani, nasubiri chai ichemke. Binti yangu Neema ndiye aliyepiga simu. Neema anaelewa Kiswahili chote, hata cha mafumbo, lakini hujibu kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyozoeana, mimi nasema changu, yeye anasema chake, na tunaelewana. "Baba," alisema, "kuna mtu anaitwa Otis amekutafuta kwenye mtandao mpaka akanipata mimi. Anauliza kama wewe ndiye Shabani aliyecheza mpira chuoni." Nikamwambia hapana. Neno lilinitoka kabla sijafikiri. Chai ikachemka ikafurika juu ya jiko. "Baba," akasema tena, polepole, "ulicheza mpira wa Kimarekani? Wewe?" Nikasema nilicheza mwaka mmoja, na hata huo haukutimia. Ndipo akanisomea tangazo la msiba: Leon, mume wa Denise, baba wa watoto watatu, mwalimu wa kemia, ambaye katika ujana wake alishika mpira kwenye mchezo mkubwa kuliko yote katika historia ya chuo chake. Neema aliishia hapo akauliza, "Mchezo gani huo? Mlishinda?"

"Tulifungwa," nikamjibu. "Kwa alama mbili."

Baada ya kukata simu nilikaa mezani na kitambaa cha kufutia jiko mkononi, nisifute chochote. Miaka thelathini nilikuwa nimeubeba mchezo ule kama mtu abebavyo ugonjwa wa aibu, simwambii mke wakati nilipokuwa naye, simwambii mwanangu, na huko nje kumbe kuna watu wanauita mkubwa kuliko yote. Chuo chenyewe hakipo tena. Kilikuwa chuo kidogo upande wa mashariki wa jiji, kikafungwa, na pale palipokuwa uwanja sasa kuna majengo ya kupangisha yenye vibaraza vya vioo. Televisheni haikuja siku ile. Kwenye orodha za michezo mikubwa ambazo Wamarekani hupenda kuzitengeneza kila msimu wa vuli, hutaukuta. Ulibaki midomoni mwa watu wachache, na mimi nilikuwa nimejitoa katika watu hao kwa hiari yangu mwenyewe.

Mwaka ule niliishi Landover, kitongoji cha nje ya jiji, kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Mama Njeri, mama wa Kikenya kutoka Nyeri aliyekuwa akiwatunza wazee majumbani mwao. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Chumba kilikuwa na dirisha moja refu jembamba juu karibu na dari, usawa wa ardhi ya nje, kwa hiyo dunia niliyoiona ni ya viatu na matairi: viatu vyeupe vya Mama Njeri akienda kazini, viatu vya tarishi, magurudumu ya magari yakielekea kwenye maghala. Kitanda, meza ya kukunja, na pembeni mtambo wa kupasha nyumba joto ulionguruma kama mtu anayetaka kusema jambo akasita. Bomba lake lilipanda hadi jikoni juu, na kupitia bomba hilo nilisikia kila kilichosemwa huko. Jumapili baada ya kanisa Mama Njeri alipokea wenzake, wote wauguzi na watunza wazee, nami nilijilaza kitandani nikisikiliza vikombe na vicheko. Siku moja nilisikia wakinizungumzia mimi.

"Huyu kijana wako wa Tanzania huwezi jua kama yuko," mmoja alisema. "Anatembea kama paka."

"Pengine ni heshima. Hao watu wana heshima sana."

"Heshima gani?" Mama Njeri akajibu. "Ni upweke. Mimi nashinda na wazee wenye upweke kila siku, hizo dalili nazijua. Anakula akisimama. Mtu anakula akisimama ni mtu hana wa kukaa naye."

Tangu siku ile nilijilazimisha kula nikiwa nimekaa, ingawa nilikaa peke yangu. Mama Njeri aliniachia githeri, kande yao ya mahindi na maharage, kwenye bakuli lililofunikwa na sahani, na Jumamosi chapati. Mara nyingine alipiga kelele toka juu ya ngazi, "Wee Shabani, kuja ukule kama mtu!" nami nikapanda, nikala, nikamshukuru, nikashuka. Sikuwa na huzuni yoyote ya kueleza. Nilikuwa tu sijapata mtu wa kumwambia kwamba leo nimeona hiki na kile, na ukikaa miezi bila kumwambia mtu ulichokiona, unaanza kutokiona.

Leon alikuwa mwenzangu wa meza katika maabara ya kemia. Alikuwa kijana mweusi mrefu, mwembamba wa mabega, mtulivu wa mikono. Alimimina asidi kama anamimina uji kwa mtoto. Wiki ya kwanza aliniuliza jina, nikamtajia, akalirudia mara tatu mpaka akalipata sawasawa, Shabani, na hakulikata kamwe. Jumapili moja alipita kwenye uwanja wa nyasi ambapo sisi wageni, Wakongo, Wajamaika na watu wa El Salvador, tulicheza kandanda, akaniona nikipiga mpira wa adhabu toka mbali ukapita juu ya mtambaapanya. Wenzangu wakanizomea. Leon alipiga makofi peke yake. "Kwenye mpira wetu," alisema, "ukipiga juu ya mtambaapanya ndiyo unapata alama." Nilidhani ananitania. Kesho yake alinipeleka kwa Kocha Hargrove.

Nieleze kidogo kwa asiyeujua mpira ule, maana hata Mama Njeri alishangaa: "Hiyo kitu mnaita mpira wa miguu na mnaishika na mikono?" Ni kweli, karibu wote hutumia mikono. Wanabeba mpira uliochongoka pande mbili, wanagongana kama mafahali, na kazi yao ni kuuvusha mstari wa mwisho. Lakini wakishindwa kufika, au wakiwa wamebakiwa na sekunde chache, humwita mtu mmoja ambaye mchezo mzima amesimama pembeni na jezi safi. Mwenzake hupiga goti, hudaka mpira unaorushwa kutoka kwa watu walioinama mbele, huusimamisha kwa kidole, na kwa haraka huuzungusha ili zile kamba za ngozi zilizoushona zitazame golini, zisikutane na mguu. Mpigaji huja, hupiga, na mpira ukipita katikati ya nguzo mbili, juu ya mtambaapanya, ni alama tatu. Mpigaji nilikuwa mimi. Aliyepiga goti ni Leon.

Watu hudhani kuwa katika timu ni kuwa na ndugu. Labda kwa wengine. Wenzetu walipogongana uwanjani, mimi na Leon tulikuwa kona ya mbali, yeye kapiga goti, mimi nahesabu hatua: tatu nyuma, mbili kushoto. Walirudi wakichechemea na damu puani, nami nikarudi nikiwa nimetoka jasho kidogo tu, na hakuna aliyenichukia, ila walinitazama kama mgeni aliyealikwa harusini na mtu asiyejulikana. Kocha hakuwahi kuniita jina. Aliniita Mguu. "Mguu, piga." "Mguu, kaa." Siku ya mchezo hakuna aliyenisemesha kabisa, kwa sababu waliamini ukimsemesha mpigaji unampa mkosi. Saa tatu nzima nilisimama katikati ya watu sitini bila kuambiwa neno.

Asubuhi ya kwanza ya mazoezi tulikula pamoja katika bwalo la chuo. Mayai yalikuja kwa upawa, nyama ya kukaanga, na uji mzito wa mahindi meupe. Mimi uji naujua, nikaweka sukari. Otis, jitu la mstari wa mbele lenye shingo kama gogo, alinyanyuka kitini. "Jamani, amefanya nini huyu! Ametia sukari!" Bwalo zima likageuka; kumbe kwao uji ule huliwa kwa chumvi na siagi. Wengine walishika vichwa kana kwamba nimemwaga damu. Leon alichukua bakuli langu, akaonja, akatafakari, kisha akachukua sukari akatia kwenye bakuli lake mwenyewe mbele ya wote. Otis alimwita msaliti wa mama yake. Nilicheka, na nakumbuka niliishangaa sauti ya kicheko changu, ilivyokuwa imekauka.

Ijumaa alasiri, tukitoka maabara, tulikaa chumbani kwa Leon bwenini, watu watano sita juu ya vitanda viwili, na televisheni ikionyesha michezo mikubwa ya zamani. Hapo ndipo ubishi ulipowaka: mchezo mkubwa ni upi? Otis alisema bila uadui hakuna mchezo mkubwa, lazima babu zao wawe walichukiana. Mwingine alisema lazima mmoja awe amekufa kabisa kisha afufuke. Mwingine, hali ya hewa. Theluji au matope, ili ufundi uwe hauna maana na kubaki moyo. Leon aliwaacha wamalize. "Yote hayo ni kweli," alisema, "lakini lazima pia ifike mahali kila kitu kimwangukie mtu mmoja. Watu mia wamefanya kazi saa tatu, na mwisho wote wanamtazama mmoja."

"Na akikosa?" nikauliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema katika chumba kile.

Leon alicheka. "Hakosi. Wewe hukosi."

Na kweli sikukosa. Hadi Novemba nilikuwa sijakosa hata mara moja, na watu walianza kunisalimu njiani. Mama Njeri alinunua skafu ya rangi za chuo akaivaa kwenda nayo kanisani.

Mchezo wa mwisho wa msimu ulikuwa dhidi ya chuo cha ng'ambo ya mto, wapinzani wetu wa enzi na enzi. Mvua ilianza alfajiri, ile mvua nyembamba ya Novemba isiyo na ngurumo, inayoingia mifupani. Jukwaa letu la mbao lilijaa wazee wenye miavuli, wake zao wakiwa na chupa za kahawa, na bendi iliyopiga matarumbeta yaliyojaa maji. Kufika mapumziko tulikuwa tumezikwa, ishirini na saba kwa saba. Nilimsikia mzee mmoja nyuma yangu akimwambia mkewe wakachukue gari kabla ya foleni, na mkewe akamjibu, "Keti. Huwezi kuwaacha watoto wa watu kwenye mvua." Wakaketi. Kipindi cha pili sijui kilichotokea. Otis anasema ni kocha aliyewaambia jambo. Wengine wanasema ni matope, yaliwachosha wale waliokuwa na mbio. Ninachojua ni kwamba wapinzani walipata alama tatu tu, na sisi tukavusha mstari mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara nikaitwa kuongeza ile alama moja ya nyongeza, nikaipata. Thelathini kwa ishirini na nane. Wale wazee walikuwa wamefunga miavuli yao, sijui kwa nini, wamesimama wote wakilowa.

Dakika za lala salama tukapata mpira, tukausogeza yadi kwa yadi, mpaka zikabaki sekunde nne, na mkwaju ukawa wa yadi thelathini na moja. Alama tatu, tunashinda kwa moja. Yadi thelathini na moja nilikuwa nimezipiga mara mia mazoezini, nyingine macho yakiwa yamefumbwa kwa utani. Kocha alisema, "Mguu." Nikaingia.

Kocha wa wapinzani akaomba mchezo usimame. Hiyo ni mbinu yao ya kumwacha mpigaji na mawazo yake. Nikasimama katikati ya uwanja, maji yakinitiririka kifuani, wenzangu wamenipa mgongo ili wasinitie mkosi. Leon pekee alibaki karibu, goti moja chini, akifuta vidole kwenye kitambaa alichokiweka ndani ya jezi. Alinitazama akasema, "Mama Njeri anapika nini leo?"

"Chapati."

"Niwekee mbili."

Filimbi ikalia. Hatua tatu nyuma, mbili kushoto. Mpira ukarushwa, Leon akaudaka, akausimamisha, akauzungusha. Niliziona kamba zikitazama mbele kama inavyotakiwa. Naliandika hili kwa sababu ndilo jambo lenyewe: niliziona. Mpira ulikuwa umesimama sawa kama yai kwenye kikombe. Nami nikaja, na kabla mguu haujafika nikainua kichwa. Nilitaka kuuona ukipita. Mwezi mzima watu walikuwa wananisalimu, na nilitaka nione kwa macho yangu kitu ambacho kingefanya wanisalimu maisha yangu yote. Mguu ukaugusa mpira pembeni. Haukugonga hata nguzo. Ulikwenda kulia, chini, kama ndege aliyeumia bawa, na upande wa pili wa uwanja ukalipuka kwa kelele.

Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyenitukana pia. Nilitembea hadi chumba cha kubadilishia nguo, nikakuta kimya na mvuke wa maji ya moto, nikaingia chooni nikajifungia. Ukuta ulikuwa wa mbao. Nikamsikia Kocha Hargrove akiingia na msaidizi wake, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningeivumilia. "Kosa langu," alisema. "Huwezi kumpa mchezo kama huu mtu ambaye hakukua nao. Kwake ni mpira tu. Kesho atakwenda kucheza ule wa kwao." Nikasikia watu wakiingia, viatu vya njumu vikigonga sakafu, na sauti ya Leon ikianza kusema, "Kocha, jamani, sikilizeni." Sikusikiliza. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na jezi yangu ikiwa imelowa, nikatembea hadi Landover kando ya barabara ya maghala, maili nne au tano. Nilipofika, nyumba ilinukia chapati. Nilishuka chini moja kwa moja.

Jumatatu timu ilikutana kutazama mkanda wa mchezo. Sikwenda. Jumanne sikwenda maabara. Jumatano Leon alikuja nyumbani. Nilivijua viatu vyake kwenye dirisha langu, vikubwa, kimoja kamba imefunguka. Nilimwambia Mama Njeri aseme sipo. Alhamisi alikuja tena, Mama Njeri akasema tena sipo. Jumamosi alikuja mara ya tatu, na safari hii Mama Njeri alishuka ngazi mwenyewe na aproni yake.

"Rafiki yako amesimama huko nje na hii baridi," alisema. "Nimedanganya mara mbili. Ya tatu ni ya Petro kumkana Yesu, hiyo sitaki. Toka uongee na yeye."

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Ni mguu imekufa ama ni mdomo?"

Niligeukia ukuta. Alinitazama kwa muda mrefu, akapanda tena, na kupitia bomba nikamsikia akisema kwa Kiingereza chake cha upole, "Yuko, lakini hajakuwa tayari. Samahani, mwanangu." Leon akamwambia kuna jambo anataka kunieleza, ni fupi tu. Kisha viatu vikasimama mbele ya dirisha langu. Nadhani alijua niko pale, nimeegemea ukuta chini yake, karibu kiasi kwamba ningegonga kioo angesikia. Vikakaa. Vikaondoka.

Miaka iliyofuata sina mengi ya kusimulia. Niliacha chuo kile. Nilipata kazi ghalani Landover, kupanga masanduku, nikaomba zamu za Jumamosi ili niwe kwenye kelele za mashine wakati watu wanatazama mpira. Nilijifunza kuishi bila kutazamwa, na nilikuwa hodari katika hilo kuliko nilivyowahi kuwa katika kupiga mkwaju. Baadaye nilisoma mahali pengine, nikawa fundi wa maabara ya hospitali, nikaoa, nikapata Neema, tukaachana kwa amani, na mke wangu alipoondoka aliniambia sentensi moja tu ya lawama: "Ukikosea jambo dogo unahama nyumba ukiwa ndani yake." Mara moja, miaka kadhaa iliyopita, nilimwona Leon dukani. Alikuwa akisukuma kigari, nywele zimekuwa nyeupe, anachagua viazi kimoja kimoja kwa ile mikono yake mitulivu. Nikageuza kigari changu nikaingia upande wa unga. Nilisimama pale nikisoma maandishi ya mfuko wa unga mpaka nilipohakikisha ameondoka.

Neema ndiye aliyenipeleka mazishini. Baada ya ibada tulialikwa chakula katika ukumbi wa kanisa, Landover, alasiri yenye jua, meza ndefu zenye vitambaa vya karatasi, kuku, maharage, mkate wa mahindi. Nilitaka tukae karibu na mlango. Lakini Otis alinijua. Amekuwa mzee mnene anayetembea kwa fimbo, na alinikumbatia mpaka nikahisi mbavu. Akanivuta hadi meza ambapo walikaa wazee sita, na kwa kweli nisingewajua njiani. Walikuwa katikati ya ubishi, ule ule. Mmoja anasema kilichoufanya mchezo mkubwa ni kufufuka toka alama ishirini. Mwingine anasema ni wale wazee waliofunga miavuli. Nilikaa mikono ikiwa chini ya meza.

Kisha akaja Denise, mke wa Leon, mwanamke mdogo wa umbo na macho yaliyochoka kulia. Akaniwekea mkono begani. "Wewe ndiye Shabani," alisema, na alilitaja jina sawasawa, bila kulikata. "Leon alisema siku zote kwamba wewe ulipiga vizuri. Ni yeye aliyeharibu. Aliziacha kamba zikatazama mguu wako. Aliwaambia wote siku ile ile, chumba cha kubadilishia nguo, na ameniambia mimi kila Novemba tangu tuoane. Ilimuuma kwamba hukuwahi kumpa nafasi akuombe radhi."

Sikumbuki kama nilisimama mwenyewe au ni Neema aliyenishika mkono. Nilikuwa nimesimama, na nikasema, "Mama, si kweli. Kamba zilikuwa mbele. Niliziona. Mpira ulikuwa sawa kabisa. Mimi niliinua kichwa. Leon hakuharibu kitu." Nikawageukia wale wazee. "Amesingiziwa miaka yote hii. Amejisingizia. Mimi ndiye."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonishangaza. Mmoja alitazama sahani yake. Otis akashusha pumzi ndefu. "Shabani," alisema, "tunajua. Tuliutazama mkanda Jumatatu. Kocha aliurudisha mara tatu. Kamba zilikuwa mbele na wewe kichwa kilikuwa juu kama twiga. Leon alikuwa amekaa pale pale, na bado akasema, ni mimi. Kocha akazima mashine. Akasema, sawa, Leon, ni wewe. Hakuna aliyebishana tena." Akasogeza fimbo yake. "Jumatatu ile wewe tu ndiye hukuwepo. Tulikuwekea kiti."

Denise alikuwa ameketi. Alifunika mdomo kwa kiganja, na kwa muda sikujua kama analia au vipi, mpaka alipoutoa mkono nikaona anacheka na machozi yanamtoka. "Mwongo yule," alisema. "Mwongo mkubwa yule. Miaka yote namfariji!" Nikamwomba radhi. Akasema hataki radhi, anataka nikae chini nile, nimekonda. Nikakaa. Kwa mara ya kwanza tangu habari zile zinifikie, nililia, bila kujificha, nikiwa na kipande cha mkate wa mahindi mkononi, na Neema akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili chake kibovu cha utotoni, "Pole, Baba. Pole sana."

Wale wazee wakanisubiri kwa adabu. Halafu mmoja wao, ambaye hakuweza kuvumilia zaidi, akaanza kupanga vikombe vya karatasi mezani: hiki mstari wa mbele, ile chumvi ni Otis, pilipili ni yule jitu wao wa upande wa kushoto. Wakaanza kugombana juu ya pilipili. Kikombe kimoja akakiweka nyuma, peke yake. "Hapa ulisimama wewe," aliniambia.

Nilikitazama. "Hapana," nikasema, "nilikuwa nyuma zaidi." Nikanyoosha mkono, nikakisogeza.

"Ulikuwa unawaza nini?" Otis akauliza. "Wakati ule wamesimamisha mchezo. Hatujawahi kujua. Tulikuwa tumekupa mgongo."

Basi nikawasimulia. Nilianza na mvua, nikaja kwenye sekunde nne, kocha aliponiita, na maji yaliyokuwa yakinitiririka kifuani. Denise akasogea. Neema akavuta kiti. Wazee sita waliokuwepo uwanjani siku ile, walioutazama mkanda mara tatu, waliokuwa wakibishana juu ya mkwaju ule kwa miaka thelathini, wakaacha kula, wakainama mbele, wakanisikiliza kama watu wasiojua mwisho wake.